Titi limejaa, mtoto analia: maziwa yamekata kweli?

Habari za kazi, wahariri wa safu.

Nina mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ana wiki 9. Alizaliwa na kilo 3.1. Wiki ya 6 tulipompeleka chanjo alikuwa kilo 4.3, nesi akanisifia. Wiki ya 7 nikarudi kibaruani, nabangua korosho hapa Mtwara Mjini. Tunalipwa kwa kilo na msimu ndio huu, nisingeweza kukaa zaidi. Natoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi, narudi saa 9 na nusu alasiri. Kwa mguu ni kama dakika 20.

Mchana mama mkwe anampa mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, kwa chupa. Usiku pia kwa kunihurumia ananiambia nilale, yeye anampa chupa ya saa 7. Sasa matiti yangu yamekuwa laini, si kama zamani yalivyokuwa yakijaa mpaka yanauma. Asubuhi nikijikamua sipati hata vijiko viwili. Lakini cha ajabu, kazini ikifika saa 6 mchana yanajaa, yanavuja mpaka kanga inalowa! Nikifika nyumbani nikimpa mtoto, anavuta kidogo, anaacha, analia, anajinyonganyonga. Mama mkwe anasema maziwa yaliyoshinda titini juani yamechacha, nikamue ya kwanza nimwage. Nikiyakamua kweli ni mepesi kama maji ya mchele.

Jirani ananishauri ninywe uraka, ile pombe ya mabibo, maziwa yarudi. Wengine wananong'ona kuwa mtoto kabemendwa, kwa sababu mimi na mume wangu tumeshaanza kukutana. Natumia vidonge vya majira nilivyonunua duka la dawa tangu mtoto alipofika wiki 6. Juzi nimempitisha kliniki akapimwa: kilo 4.5. Je, maziwa yangu yamekata? Naweza kuyarudisha?

Mama Kichanga, Mtwara

JIBU

Dada, tuanze na mzani, kwa kuwa mzani hauna mama mkwe wala jirani. Kutoka kilo 3.1 hadi 4.3 ndani ya wiki 6 ni gramu 200 kila wiki. Huo ni ukuaji mzuri, na wakati huo mtoto alikuwa kwenye titi lako tu. Kutoka kilo 4.3 hadi 4.5 ndani ya wiki 3 ni kama gramu 67 kwa wiki. Mtoto wa umri huu anatakiwa aongeze angalau nusu kilo kwa mwezi, yaani gramu 125 kwa wiki, na wengi huvuka hapo. Kwa hiyo alichokiona mama mkwe ni kweli, mtoto hashibi. Alipokosea ni kwenye sababu, na kwenye dawa. Maziwa hayajakata. Yamepungua, na kwa jinsi ulivyoeleza tunaona sababu tatu, zote zinarekebishika.

Kwanza uelewe kwamba titi lina kazi mbili tofauti: kutengeneza maziwa na kuyaachia. Mama anaweza kuwa na maziwa tele yasitoke, na anaweza kuachia vizuri kabisa kumbe kilichomo ni kidogo. Wewe yamekupata yote mawili, ndiyo maana unachanganyikiwa.

Ndani ya titi kuna vifuko vidogo sana vya kutengenezea maziwa, vimekaa kwa vishada. Kila kifuko kimezungukwa na misuli myembamba iliyosukwa mithili ya wavu. Kutoka kwenye vishada inatoka mirija inayoungana njiani hadi kwenye chuchu, nayo chuchu haina tundu moja, ina matundu kadhaa. Mtoto anapovuta, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na tezi hiyo huachia homoni mbili. Prolaktini huviamuru vifuko vitengeneze maziwa. Kinachotengenezwa sasa hivi zaidi ni cha mlo unaofuata. Oksitosini hukaza ule wavu wa misuli, vifuko vinabanwa, maziwa yanasukumwa kuelekea kwenye chuchu.

Prolaktini hupanda zaidi usiku. Ile chupa ya saa 7 usiku, aliyoitoa mama kwa huruma, imekaa mahali pabaya kuliko zote. Ndiyo saa ambayo mwili wako ulikuwa unapokea agizo la maziwa ya kesho.

Kuna jambo jingine linaloumiza uzalishaji wako. Titi si mtungi unaouacha ujae ndipo uchote. Ndani ya maziwa yenyewe kuna kitu kinachokusanyika kadiri titi linavyojaa, kinachoviambia vifuko vipunguze kazi. Titi lililojaa hutengeneza polepole. Lililotolewa hutengeneza haraka. Na kila titi linajiendesha lenyewe, ndiyo maana mama anayependelea upande mmoja huona ule mwingine ukinyauka. Wewe unakaa muda wa saa tisa bila kutoa hata tone kwa makusudi. Kila siku, kwa muda wa saa tisa, mwili unaambiwa kwamba maziwa hayatakiwi. Mwili umetii.

Ule ulaini wa matiti wenyewe usikutishe. Kufikia wiki ya 6 hivi matiti ya akina mama wengi hulainika kwa kuwa mwili umeshajua kipimo cha mtoto. Na vijiko viwili vya asubuhi havipimi kilichomo; mkono ambao haujazoea hutoa kidogo kuliko mdomo wa mtoto anayeshika vizuri.

Sasa kuhusu kuachia. Kazini ukimkumbuka mtoto, au hata ukimsikia mtoto wa mwenzako akilia, oksitosini inaachiwa na kanga inalowa. Hiyo ni dalili nzuri, njia iko wazi. Oksitosini haihitaji mdomo wa mtoto peke yake. Harufu yake, sauti yake, hata kumfikiria, vyote huiamsha. Maumivu, woga na hasira huichelewesha. Mama anayefika nyumbani na kukuta watu wamekaa kumtazama kama titi litatoa au halitatoa, huyo ana haki ya kukwama. Kinachokwama hapo ni mlango, na maziwa yapo ndani.

Mtoto wako naye ameshazoea chupa, inayomiminika papo hapo. Titi humtaka avute kwa haraka-haraka kwanza, kama dakika moja hivi, ndipo maziwa yashuke na uvutaji wake ugeuke kuwa wa polepole, wa kina, ukisikia anavyomeza. Anaacha kabla ya dakika hiyo. Zaidi ya hapo, titi lililojaa kwa muda wa saa tisa linakakamaa hadi kwenye sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, kinywa chake kinateleza na kubaki kwenye chuchu peke yake. Akivuta chuchu peke yake hapati kitu, na wewe utapata michubuko.

Ukifika nyumbani fanya hivi. Oga au nawa, kaa mahali penye faragha, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye matiti kwa dakika chache. Kisha jiinamishe, mikono juu ya meza na kichwa juu ya mikono, matiti yaning'inie. Mama mkwe, huyo huyo, akae nyuma yako akusugue kwa vidole gumba pande zote mbili za uti wa mgongo, kuanzia shingoni hadi chini ya mabega, kwa miduara midogo, dakika 2 au 3. Kusuguliwa huko kunasaidia oksitosini. Halafu bonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka mzizi wa chuchu, ukisukuma taratibu kuelekea kifuani kwa dakika moja, mpaka sehemu nyeusi ilainike. Kamua matone machache, ndipo umpe mtoto. Mwili wake wote ukuelekee wewe, kidevu kiguse titi, mdomo upanuke sana, na sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini.

Hayo matone usiyamwage, na wala hayajachacha. Maziwa hayaharibiki ndani ya titi, hata ushinde juani kutwa. Joto la mwili wako ni lile lile. Wepesi ulioona ni kawaida yake. Anayejua kukamua nazi anajua tui zito hutangulia na jepesi hufuata. Titi ni kinyume. Mafuta ya maziwa hung'ang'ania ndani ya vifuko na mirija, kwa hiyo baada ya kukaa muda mrefu yanayotangulia ni mepesi, na kadiri titi linavyotolewa ndivyo yanavyozidi kuwa mazito. Ukimwaga ya mwanzo na mtoto akiacha kabla ya ya mwisho, umemnyima yote mawili. Mwache amalize titi moja mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili.

Kazini lazima ukamue, angalau mara mbili, tuseme saa 4 asubuhi na saa 7 mchana. Hapa kazi yako ina hatari yake. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Unayaona kwenye vidole vyako. Yakigusa chuchu yataichubua, na yakiingia kwenye kikombe yatamfika mtoto. Maji matupu hayayaondoi. Paka kwanza mafuta ya kula mikononi, sugua hadi chini ya kucha, futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni na maji mara mbili. Vaa kanga safi uliyoiacha nje ya chumba cha kubangulia, na ile ya kazini usimfunge nayo mtoto. Ukiweza, omba uhamishiwe kwenye kumenya ngozi ya korosho iliyokwisha banguliwa mpaka mtoto akue. Meza hiyo haina mafuta yale makali kama ya kubangua.

Kukamua kwenyewe hakutaki nguvu. Weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini yake, sentimita 3 hadi 4 kutoka kwenye mzizi wa chuchu. Sukuma vidole nyuma kuelekea mbavuni, kisha vibane pamoja, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Usivute chuchu na usitelezeshe vidole juu ya ngozi. Ukiona ngozi inakuwa nyekundu, unatelezesha. Mwanzoni huenda kisitoke kitu, endelea, dakika moja au mbili matone yataanza, na oksitosini ikiachiwa yatachuruzika. Yakipungua zungusha vidole upande mwingine, kwa kuwa vishada viko pande zote. Titi moja dakika 3 hadi 5, hamia la pili, rudi la kwanza. Jumla dakika 20 hadi 30. Siku za kwanza utapata kidogo na utakasirika. Baada ya siku kadhaa mwili utaanza kuitikia.

Kikombe kiwe chenye mfuniko, kimeoshwa kwa sabuni na kuchemshwa. Kwa joto la Mtwara maziwa yaliyokamuliwa yasipite muda wa saa nne bila baridi. Ukiyaweka ndani ya deli dogo lililofungwa vizuri, pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa, yanafika muda wa saa 24. Kwa hiyo ya saa 7 mchana unafika nayo nyumbani bila wasiwasi. Ya saa 4 yanahitaji deli, au mtu wa kuyapeleka. Kama mama mkwe ana nguvu ya kutembea, dakika 20 si nyingi: akuletee mtoto saa 6 mchana, unyonyeshe ukiwa umekaa kivulini. Mlo huo mmoja utakusaidia sana. Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, mbali na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa pacha. Ongea na msimamizi wako kwa utaratibu, wengi hawajui.

Mtoto anayenyonya tu, kati ya mwezi 1 na 6, hutumia kwa wastani kama mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima. Kwa muda wa saa tisa ni kama mililita 300, vikombe vidogo vitatu au vinne vya mililita 75 hadi 100. Hutaweza kuacha zote wiki hii. Nyonyesha saa 11 alfajiri, nyonyesha tena kabla ya kutoka, kamua kilichobaki kati ya hapo, na alasiri hadi asubuhi mtoto awe kwenye titi kila anapotaka. Lengo ni mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na angalau mbili ziwe za usiku wa manane. Mama akitaka kusaidia usiku, ambadilishe nepi na kumcheulisha, akuletee kitandani.

Maziwa ya ng'ombe yaachwe. Kwa mtoto chini ya miezi 6 yana protini na chumvi nyingi kupita uwezo wa figo zake, madini ya chuma kidogo, na ukiyaongeza maji unapunguza nguvu yake bila kuyafanya yamfae. Lakini kwa uzito alionao usimnyang'anye nyongeza yote siku moja. Nenda kliniki wiki hii, usingoje chanjo ya wiki ya 10, wakuambie anahitaji nyongeza kiasi gani. Pengo ambalo maziwa yako uliyokamua hayalizibi, lizibwe na maziwa maalumu ya watoto wachanga, yachanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, bila kuongeza maji ili yafike mwisho wa mwezi. Apewe kwa kikombe, si chupa. Akiwa amekaa wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni na yeye ayarambe mwenyewe, ukimmiminia atapaliwa. Uzito ukianza kupanda, punguza nyongeza kwa mililita 50 kwa siku nzima, subiri siku 2 au 3, punguza tena.

Kati ya kupima na kupima, angalia nepi. Mkojo usio wa njano iliyokolea, mara 6 au zaidi kwa siku, unaonyesha anapata maziwa. Akikojoa chini ya hapo, akilegea, akikataa kunyonya, au utosi ukibonyea, hiyo si ya kusubiri kesho. Nawe titi likiwa jekundu upande mmoja, linauma na una homa, endelea kumnyonyesha mtoto hata kwenye titi hilo na uende zahanati siku hiyo hiyo, kabla halijawa jipu.

Uraka, hapana. Msimu wa mabibo kila mwaka ushauri huu hurudi, na tunaelewa unatoka wapi: aliyekunywa huhisi titi limejaa. Linajaa kwa sababu pombe huizuia oksitosini, maziwa hayaachiwi, na mtoto anapata kidogo kwa muda wa saa chache zinazofuata. Pombe yenyewe pia inaingia kwenye maziwa kama inavyoingia kwenye damu. Kunywa maji kila ukisikia kiu, na kwenye chumba cha kubangulia kiu inakuja mapema. Kula ushibe: uji wa mtama wenye karanga, kisamvu cha nazi, dagaa, hata ming'oko ukiipata. Chakula hakiamuru titi. Kinakupa nguvu wewe.

Na kubemenda? Tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa wala haliyageuzi. Titi linaweza kuvuja wakati huo, kwa kuwa oksitosini ni ile ile. Mtoto anayedhoofika amekosa chakula au ana ugonjwa, na kwa mwanao tumeshaona kwenye mzani lini alianza kukosa.

Ila hapo kwenye mume umetaja kitu kinachoweza kuwa sababu ya tatu, na watu wote wamekipita: vidonge. Vidonge vya majira ni vya aina mbili. Vyenye homoni mbili vina estrojeni, na estrojeni hupunguza maziwa. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 kwa kawaida hapewi hivyo. Vyenye homoni moja havina shida hiyo. Wewe ulianza wiki ya 6, na uzito ulianza kusuasua baada ya wiki ya 6. Angalia pakiti yako. Kama ina vidonge 21 vya rangi moja na 7 vya rangi nyingine, mara nyingi kahawia, basi ni vya homoni mbili. Usiache tu bila kinga, ukajikuta na mimba mtoto akiwa na miezi mitatu. Tumieni kondomu siku hizo mbili tatu, tia pakiti kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki, umwonyeshe nesi wa uzazi wa mpango akubadilishie: vya homoni moja, sindano, kijiti au kitanzi, chochote kati ya hivyo mtakachokubaliana.

Unapokwenda, mwombe nesi akutazame ukinyonyesha kwa dakika 10, na aangalie pia chini ya ulimi wa mtoto kama hana udata, yaani ulimi ulioshikwa na ngozi fupi chini yake. Halafu mtoto apimwe kila wiki kwa wiki 3, kwenye mzani ule ule, akiwa hana nguo.